Kucha za Bibi Alofi

"Wewe ndiye uliyesema utakata!"

"Mimi? Mimi nilisema nitanoa kisu. Kunoa na kukata ni kitu kimoja?"

"Ulinoa kisu kikate nini, jibini?"

"Ukate wewe! Kucha za mwanamke hukatwa na mwanamke. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui!"

"Basi ndiyo nakwambia leo!"

Mmezisikia kelele hizo? Ndiyo sogeeni, nafasi ipo, kuni zipo. Wewe unayesinzia, amka, maana hadithi hii haingoji mtu. Nikisema "Hapo!" nyinyi semeni "Hapo kale!"

Hapo!

*Hapo kale!*

Hapo!

*Hapo kale!*

Masikio yenu yako wapi?

*Yako hapa!*

Haya basi. Hapo kale, mbali sana kaskazini, kulikuwa na nchi ya baridi. Baridi gani! Maji yaligeuka mawe, na mtu akipumua alitoa moshi kama jiko. Huko ndiko walikokuwa wakigombana hao wawili: msichana aitwaye Signi, na kaka yake Ketili, kijana mwenye mabega mapana kama mlango. Walikuwa wamesimama mbele ya nyumba yao yenye paa la majani mabichi, asubuhi na mapema, na jana yake tu walikuwa wamemzika bibi yao, Bibi Alofi.

Sasa kucha zina nini? Ngojeni niwaambie, msinikimbize.

Watu wa huko walikuwa na dini yao ya kale. Walisema mwanzoni hapakuwa na kitu ila shimo kubwa, upande huu barafu, upande huu moto. Barafu ikadondoka matone, matone yakawa jitu, na jitu hilo likaitwa Imiri. Odini, mkuu wa miungu yao, na ndugu zake wakaliua. Nyama yake wakafanya udongo. Damu yake wakafanya bahari. Mifupa yake wakafanya milima. Na fuvu lake wakaliinua juu, likawa mbingu. Ndiyo maana Bibi Alofi alikuwa akiwaambia wajukuu zake, "Tembeeni polepole, mnamkanyaga mtu."

Halafu miungu hao wakaokota magogo mawili ufukweni. Wakayapulizia pumzi, moja likawa mwanamume, moja likawa mwanamke. Hao ndio wazazi wa watu wote wa huko.

Na katikati ya dunia wakasema upo mti mmoja mkuu. Juu yake amekaa tai. Chini yake amelala joka linalotafuna mzizi. Na Kindi, huyu mnyama mdogo mwenye mkia wa manyoya, kutwa anapanda na kushuka, anapeleka matusi ya tai kwa joka na matusi ya joka kwa tai.

Lakini walisema pia kwamba dunia hii ina siku yake ya mwisho. Chini kabisa, kwenye giza la wafu, kuna merikebu inaundwa. Haiundwi kwa mbao. Inaundwa kwa kucha za watu waliozikwa bila kukatwa kucha! Siku itakapokamilika, majitu yatapanda, yatakuja kupigana na miungu, na kila kitu kitaungua. Basi watu wa huko, mtu wao akifa, kitu cha kwanza ni kisu. Wanakata kucha, ndipo wanalia.

Na Bibi Alofi amezikwa na kucha zake!

Signi alidhani Ketili amekata. Ketili alidhani Signi amekata. Kila mmoja alikuwa analia upande wake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

"Tufukue kaburi," akasema Signi. "Sasa hivi. Jembe liko wapi?"

Ketili akarudi nyuma hatua moja. Huyu Ketili aliwahi kumkabili dubu kwa mkuki, mnasikia? Lakini hapo uso ulimpauka kama unga.

"Kaburi likishafungwa halifunguliwi, Signi. Maiti anakaa humo macho wazi. Ukifungua anakukaba."

"Bibi akukabe wewe?"

"Akiwa hai, hapana. Sasa simjui."

"Mwoga!"

"Wewe unajua nini? Kazi yako ilikuwa kumshika bibi mikono tu, kutwa nzima, mimi nachunga kondoo!"

Mara kikasikika kicheko juu ya paa. Kii-kii-kii! Wakatazama. Alikuwa Kindi, amekaa juu ya majani, anajipangusa masharubu.

"Endeleeni, endeleeni," akasema. "Ni matusi mazuri, nitampelekea tai. Ila mnagombania hewa. Kucha za mikono za bibi yenu zimechukuliwa alfajiri. Nimeziona zikipita."

"Zikienda wapi?" akauliza Signi.

"Kwa Fundi wa merikebu. Amebakiza tundu moja tu kwenye omo, pale mbele ya merikebu, dogo kama kiganja. Kucha kumi zinamtosha. Jua likizama, anapigilia."

Mnamjua mtu mmbea. Hasemi habari yote. Anasema nusu, nusu anaweka mfukoni. Likumbukeni hilo.

Signi akaingia ndani, akachukua mkate wa shayiri, akajifunga shali ya bibi. Ketili akamwita, "Signi! Rudi!" Hakurudi. Alikimbia mlimani huku akiimba, maana hofu ilikuwa nyingi na wimbo uliipunguza:

*Kucha kumi za bibi,*
*nazifuata nizilete,*
*jua ngoja, jua ngoja!*

Na jua la huko halingoji. Walisema linakimbizwa na mbwa mwitu angani, ndiyo maana siku za baridi ni fupi hivyo. Linachomoza, linatazama nyuma, linamwona mbwa mwitu, linatoka mbio.

Signi akafika kwenye mti mkuu. Aliinua shingo mpaka kofia ikaanguka, na hakuona mwisho wake. Kindi alikuwa amefika zamani.

"Nioneshe njia ya chini," akasema Signi.

"Nilipe."

"Nina mkate."

"Mkate wa nini? Nipe tusi jipya. Tai na joka wamerudia yale yale miaka mia saba, hata mimi naona aibu kuyapeleka."

Signi akafikiri. Alikuwa amelelewa na Bibi Alofi, na Bibi Alofi ulimi wake haukuwa na ala, ulikata kama kisu.

"Mwambie joka, tai anasema hivi: unatafuna mzizi mmoja tangu dunia iumbwe, na mpaka leo hata kitambi huna."

Kindi akacheka mpaka akadondoka tawini. "Na tai je? Na tai?"

"Mwambie, joka linasema: umekaa juu ya mti mkubwa kuliko yote, na bado hakuna anayekuja kukutembelea."

"Hilo litamuuma!" Kindi akaruka kwa furaha, akafukua majani makavu, na hapo palikuwa na shimo kati ya mizizi. "Shuka. Utawakuta kina mama watatu. Wasalimie vizuri, hao si wa kuchezea."

Signi akashuka. Akashuka, akashuka, akashuka. Akawakuta wanawake watatu kando ya kisima, wanachota maji na tope jeupe, wanaupaka mti usikauke.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," akasema wa kwanza, mzee. "Umetoka wapi?"

"Kwenye kaburi ambalo halikukamilishwa."

"Unafanya nini?" akauliza wa pili, mtu mzima.

"Nasahihisha."

Wa tatu alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Huyo hakuuliza kitu. Alimpa ndoo tu.

Signi akachota ndoo ya kwanza, akamwagia mzizi. Akachota ya pili, vidole vikafa ganzi. Akachota ya tatu, machozi yakamtoka kwa baridi, na jua hilo linakwenda! Lakini hakulalamika, wala hakumwaga nje. Ndipo yule aliyejifunika akafungua mdomo.

"Ukifika kwa Fundi usiombe. Ukiomba atakucheka. Sema, 'Nimekuja kudai cha kwetu.' Huko chini wana sheria, na majitu wanaogopa sheria kuliko nyundo ya Thori, mungu wa radi. Ndugu wa maiti akidai, Fundi lazima amwoneshe. Lakini utachagua mara moja. Ukikosea, umekosa."

"Ahsante, mama. Na nikipata, nitafika nyumbani mapema?"

Mwanamke akaipokea ndoo. Kisha akasema, "Kimbia tu, mwanangu."

Signi akakimbia, pumzi juu juu:

*Kucha kumi za bibi,*
*nazifuata nizilete,*
*jua ngoja, jua ngoja!*

Na hapo akaiona.

Jamani! Merikebu! Ndefu kama kijiji, nyeupe ya manjano, inang'aa kama magamba ya samaki. Kucha juu ya kucha juu ya kucha. Za wazee na za watoto. Za wavuvi, za wapishi, za mabibi harusi. Na pale omo, tundu moja, dogo kama kiganja. Upepo ulikuwa unapita hapo na kupiga mluzi.

Chini ya tundu alikaa Fundi, jitu lenye ndevu za barafu, nyundo mapajani, anachokonoa meno.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Umekufa?"

"Sijafa."

"Basi umepotea."

"Sijapotea. Shikamoo, mzee Fundi. Nimekuja kudai cha kwetu."

Fundi akaacha kutabasamu. Akakuna ndevu, barafu ikamwagika. "Nani amekufundisha maneno hayo? Ni hao akina mama, eh? Umbea umewazidi." Akaguna, lakini sheria ni sheria. Akaingia chini ya merikebu, akatoka na masinia matatu.

"Mafungu matatu: moja la jana, mawili nimeyabandua kwenye merikebu nikuchanganye, nitayarudisha pale pale. Yote ya wanawake, na wote watatu walikuwa wafumaji. Chagua la bibi yako. Mara moja tu. Ukikosea, nazipigilia za bibi yako, na wewe nakupa kazi ya kushika misumari."

Signi akainama. Sinia la kwanza, kucha safi, na ukucha wa dole gumba una mfereji mdogo, ule unaochimbwa na uzi mtu akifuma miaka mingi. Bibi alikuwa nao! Akanyoosha mkono. Akatazama sinia la pili. Mfereji upo! Sinia la tatu. Upo pia!

Akafumba macho. Akaikumbuka mikono ya bibi, ile aliyoishika kutwa nzima kipupwe chote, bibi akiwa hajiwezi. Akakumbuka kidole kidogo. Alipokuwa na miaka mitatu alifunga kifuniko cha kasha kwa nguvu, kikambana bibi kidole. Ukucha ulipoota tena uliota umepinda kama punje ya shayiri. Bibi alisema tu, "Nyamaza, hatumwambii mtu." Na hakumwambia mtu. Hata Ketili hakujua.

Akafumbua macho, akatafuta ukucha uliopinda. Sinia la kwanza, haumo. Sinia la pili, haumo. Sinia la tatu, haumo!

Fundi akacheka mpaka merikebu ikatikisika. "Vipi, mjukuu? Humjui bibi yako?"

Basi Signi akaanza kuhesabu. La kwanza, kumi. La pili, kumi. La tatu… moja, mbili, tatu… tisa.

Tisa! Akahesabu tena. Tisa!

Akainua uso, akamtazama Fundi mdomoni.

"Mzee Fundi," akasema, "unachokonolea nini meno?"

Fundi akafunga mdomo haraka. Amechelewa!

"Sinia la tatu ndilo langu! Na ukucha wa kumi ndio huo ulioutia kinywani, umepinda kama punje ya shayiri. Nilimbana mwenyewe na kifuniko cha kasha. Utoe!"

Fundi akautoa. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na jitu likiwa jekundu mnajua ni wekundu kiasi gani. "Ulikuwa haukai sawa kwenye ubao," akanung'unika. "Nikaona usipotee bure."

Signi akaupangusa kwenye sketi, akazifunga zote kumi katika shali ya bibi. Alikuwa na furaha! Alitaka kupiga vigelegele hapo hapo. Lakini Fundi alikuwa ameshaanza kucheka tena, polepole, kwa tumbo.

"Chukua, chukua. Sheria imekupa. Ila niambie kitu, wewe hodari wa kuhesabu. Bibi yako alikuwa na vidole vingapi?"

"Kumi."

"Vyote?"

Signi akatazama miguu yake.

Uwiii! Na nyinyi mlikuwa mmesahau, msijifanye!

"Fuko wangu, yule mnyama mchimba ardhi, anavuna za mikono alfajiri," akasema Fundi, "na za miguu jua likikaribia kuzama. Sasa hivi yuko njiani. Kucha kumi za mikono, kucha kumi za miguu, tundu langu halichagui."

Signi hakuaga. Alitoka pale kama jiwe lililorushwa. Akapita kisimani, wale wanawake wakamsogezea ndoo zisimkwaze. Akapanda shimoni kwa magoti na viganja. Juu akamkuta Kindi anakula kokwa.

"Kwa nini hukuniambia habari ya miguu?"

"Kwani uliniuliza?"

Angempiga, lakini muda haukuwepo. Jua lilikuwa limeshuka mpaka ukingo wa mlima, jekundu, na nyuma yake wingu refu la kijivu limeachama. Aliona meno kabisa. Akateremka mlima, sauti imekauka, wimbo unatoka vipande vipande:

*Kucha kumi za bibi,*
*ninazo, na kumi bado,*
*jua ngoja, jua ngoja!*

Alianguka mara moja, akainuka. Akaanguka mara ya pili, akainuka. Mara ya tatu alibingirika mpaka bondeni, na alipoinuka alikuwa mbele ya kaburi la bibi.

Kaburi lilikuwa wazi.

Udongo umetupwa huku na huku. Mawe yamepinduliwa. Jua likazama, tup! Na Signi akasimama hapo na shali yake mkononi, magoti yanatoka damu, akisikiliza. Alingoja kusikia nyundo chini ya ardhi. Alifikiria kondoo wao, na ghuba yao, na watoto wa jirani, na mti mkubwa ukiungua na Kindi juu yake. Alimfikiria bibi, ambaye aliificha siri ya ukucha wake uliopinda miaka kumi asimtie mjukuu aibu, na yeye alishindwa kumkata kucha siku moja.

Akangoja. Nyundo haikulia.

Akatembea taratibu mpaka nyumbani, maana aliona mwanga chini ya mlango. Akaweka mkono kwenye kitasa.

Hapo ninyamaze kidogo, ninywe maji.

*Aaah! Usinyamaze!*

Niacheni ninywe, nimekimbia kwenda na kurudi, nyinyi mmekaa.

Haya. Kabla sijaufungua mlango huo, nawapa funzo lenu kabisa, maana nikishaufungua hakuna atakayenisikiliza. Kazi ya watu wawili, muulizane kwa sauti. Msidhani. "Nilidhani wewe" na "nilidhani wewe," hayo mawili yalikaribia kuimaliza dunia. Na mtu akikushika mkono, utazame vizuri mkono huo, iko siku utatakiwa kuujua. Mpaka leo, wasemao wanasema, tundu la merikebu bado lipo, na upepo mkali ukipiga mluzi usiku, ndipo unapopita. Mkirudi majumbani kwenu kateni kucha. Wewe hapo, nimeziona!

Hadithi nimeibeba kutoka kwenye theluji, naiacha hapa motoni ikauke. Aitakaye aichukue ikiwa na joto.

Basi mlango ukafunguliwa kabla Signi hajausukuma. Ketili alikuwa amesimama hapo, hana viatu, udongo mpaka kwenye nyusi, kisu mkono mmoja na kitambaa kilichofungwa mkono mwingine. Nyuma yake, chini ya beseni lililowekewa jiwe, fuko alikuwa anakwaruza na kutukana.

Walitazamana. Hakuna aliyemwita mwenzake mwoga.

"Nilivua viatu niote moto," akasema Ketili, "nikaona vidole vyangu, nikaruka. Za miguu nimekata mimi, Signi. Bibi hakunifanya kitu. Ingia, uji unapoa."